Ndoo ya Mabaki na Sadaka ya Babu Gavril

Jumapili, 7 Julai

Wamefika! Wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Ufini, na profesa wao, Bi. Aaltonen. Wamekuja kwa treni na mabasi kutoka kaskazini kabisa mpaka huku kwetu Romania, kwa sababu ndege zinachafua hewa. Nyumba yetu imepewa wawili. Eetu alishuka kwenye basi akitembea kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo hiyo. Mwenzake anaitwa Venla. Wapole. Kimya. Wembamba mno. Bibi Veturia aliwakagua kuanzia viatuni hadi utosini, akaninong'oneza nisihofu, atawarekebisha.

Kozi yao ni ya wiki mbili, kuhusu kuishi bila kuharibu dunia. Wiki hii wanachunguza chakula kinavyotupwa majumbani. Wiki ijayo watasoma kwenye jengo la shule ya zamani, na Profesa anahitaji kijana mmoja wa hapa awe mkalimani. Atakaa darasani! Na wanachuo! Profesa amesema atamchukua kutoka nyumba itakayotupa chakula kidogo zaidi. Kila nyumba imepewa ndoo ya kijani ya mabaki, nayo itapimwa kila asubuhi.

Nafasi ni yangu. Nimejifunza Kiingereza mpaka kwenye maandishi ya chupa za shampuu. Mama yuko Italia, anatunza wazee wa watu. Nimempigia simu nikamwambia aanze kujivuna.

Wenye wageni ni wengi, lakini nyumba zenye msichana wa sekondari ni mbili tu. Yetu, na ya jirani, ya kina Sorana.

Sorana! Mama yake ana mashine ya kuosha vyombo.

Jumatatu, 8 Julai

Kipimo cha kwanza. Ndoo ya kina Sorana: jani moja la saladi, limelala chini kama pambo. Ndoo yetu: Profesa aliinyanyua kwa mikono miwili, akaiweka chini, akapumua.

Kosa si la mtu. Huku kwetu sahani tupu ni aibu ya mwenye nyumba, maana yake mgeni bado ana njaa. Wafini nao wamefundishwa kwamba sahani tupu ndiyo adabu. Basi jana usiku Eetu akamaliza, Bibi akajaza. Akamaliza, akajaza. Supu ya maharage, ugali na jibini, kisha sarmale, zile nyama na wali za kufungwa kwa majani ya kabichi, ambazo Bibi hajui kuzipika chache. Mwisho Eetu alisalimu amri mbele ya sahani iliyojaa mpaka ukingoni. Sahani nzima ikaenda ndooni.

Bibi akauliza mabaki yako wapi, mbona yeye hayaoni? Nguruwe anakula. Kwani nguruwe si wa nyumba hii? Nikatafsiri. Profesa akajibu kwa heshima kwamba nguruwe hapikiwi sarmale. Bibi akasema aseme kuhusu nguruwe wa kwao.

Jioni Sorana aliegemea uzio akaniuliza, "We Crina, mnawalisha wageni, au mnawanenepesha kwa ajili ya Krismasi?"

Nilifikiria jibu zuri sana baada ya saa nzima.

Jumanne, 9 Julai

Mpango wa kwanza, jana usiku: visahani vya kikombe badala ya sahani. Kidogo kinaingia, kidogo kinabaki. Hesabu safi kabisa.

Bibi alivitazama visahani, akaniuliza kama tunakula chakula cha jioni au tunawapa dawa. Kisha akapakua. Sikujua kwamba ugali unaweza kusimama kwenda juu namna ile. Ulipoanguka ulimwangukia Venla.

Mpango wa pili, hapo hapo: niliwafundisha wageni kwa siri wabakize tonge moja, Bibi aone wameshiba. Ikafanya kazi! Bibi akaweka mwiko chini. Nilikaribia kupiga makofi. Kisha nikakumbuka tonge linaenda wapi. Ndooni. Tonge la supu, tonge la ugali, tonge la sarmale, nusu ya andazi la plamu, mara wageni wawili.

Asubuhi ndoo ilikuwa nzito kuliko jana. Usoni mwa Profesa hakuna kilichobadilika. Wafini ni watu wagumu kuwasoma.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata! Nilikuwa nasafisha picha ya marehemu Babu Gavril sebuleni. Babu alinitazama. Nikamtazama. Nikapata!

Bibi anajaza sahani kwa sababu sufuria ina kitu. Sufuria ikiwa tupu, atajaza nini? Basi sufuria iondoke kabla hajarudi kwa wageni. Iende wapi? Nguruwe hapana, Profesa amemshtukia. Iende kama sadaka ya marehemu! Chakula ukipewa kwa jina la marehemu huwezi kukikataa. Hata kama umeshiba. Hata kama ndiyo kwanza umeinuka mezani. Hata kama una mashine ya kuosha vyombo.

Niandike wazi kwamba si mabaki ya sahani. Sisi si wapagani. Ni chakula safi cha sufuriani, kwenye bakuli la Bibi lenye jogoo wa bluu, na mshumaa juu yake, kama inavyotakiwa. Bibi alipotoka kuwafungia kuku, mimi nikaruka uzio.

Mama Sorana alifungua mlango, nikasema, "Pokeeni, kwa ajili ya roho ya Babu Gavril." Akapiga ishara ya msalaba, akajibu, "Mungu ampokee, mwanangu. Mtoto mwenye moyo wewe!" Sorana alikuwa nyuma yake. Alilitazama bakuli. Akanitazama mimi. Hakupiga ishara yoyote.

Alhamisi, 11 Julai

Ushindi! Ndoo yetu: punje za wali. Ndoo ya kina Sorana: sarmale zikielea.

Furaha ilidumu mpaka Bibi alipofungua sufuria. Alidhani wageni ndio walioimaliza. Alimshika Eetu mashavu yote mawili, akambusu, akasema hatimaye mtoto ameanza kula. Kisha akatoa sufuria ya harusi. Ile ya stoo. Ile ambayo tukiwa wadogo tulijifichia ndani.

Ikabidi nisambaze. Kwa Mama Sorana tena, kwa fundi viatu, kwa kina dada wawili wa karibu na kanisa, kwa mke wa padri. Kwa Babu Gavril, kwa Babu Gavril, kwa Babu Gavril. Sijawahi kumtaja babu yangu mara nyingi hivyo tangu alipofariki.

Narudi nyumbani, miguu imekufa, namkuta Sorana jikoni kwetu na chungu cha kabichi na soseji. Chungu, si bakuli! Na mshumaa! "Pokeeni," akasema kwa sauti ya malaika, "kwa ajili ya roho ya mjomba wetu Traian." Mjomba Traian alikufa kabla sisi hatujazaliwa, mwaka ule wa ukame, na sijawahi kumsikia Sorana akimtaja hata mara moja.

Bibi alipiga ishara ya msalaba, akapokea. Huwezi kukataa. Akampakulia Eetu.

Ijumaa, 12 Julai

Hali mbaya. Asubuhi Bibi alitaka bakuli, hakuna bakuli. Kabati tupu. Bakuli la sadaka halirudishwi, linakuwa la aliyepewa, na hilo mimi sikulipigia hesabu.

Kabla sijabuni uongo, mlango ukagongwa. Kina dada wawili wa karibu na kanisa. Nyuma yao fundi viatu. Nyuma yake mke wa padri. Wote wamekuja kumshukuru Bibi kwa kumkumbuka Gavril kwa moyo mkunjufu hivi. Yule dada mkubwa alisema siku hizi watu hawajali tena. Zamani hata maji yalitolewa sadaka, wasichana wakiyabeba kwa ndoo mlango hadi mlango, marehemu wasione kiu. Leo nani anabeba?

Walipoondoka, Bibi alikaa kwenye benchi la uani. Nikakaa pembeni yake nikisubiri kofi.

Hakupiga. Alisema tangu magoti yalipomharibikia ameshindwa kumfanyia Babu sadaka. Alikuwa akilala anajiuliza kama huko aliko anaona wenzake wanaletewa, yeye haletewi. Alidhani sisi vijana tumeshamsahau. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa unanuka vitunguu.

Nilitaka kusema ukweli. Kweli nilitaka. Nilifungua mdomo kabisa.

Bibi akasema, "Mjukuu wangu, kesho tunamfanyia kubwa. Kijiji kizima. Na Wafini wote."

Kesho! Kipimo cha mwisho!

Jumamosi, 13 Julai

Meza zilijaa uani na kumwagikia barabarani. Sufuria ya harusi, na mbili za kuazima. Mikate ya kusuka. Padri akaimba. Sorana alikuja mapema kubeba viti, na alibeba vingi kuliko mimi, nadhani makusudi.

Profesa, aliyeahirisha kipimo cha asubuhi mpaka watu wamalize kula, alisimama karibu na ndoo, mzani mkononi. Nami nilisimama karibu na Profesa, nikiwa nimeshakufa.

Watu wakala. Wakala tena. Kisha wakaanza kuinuka, na kila mmoja akaondoka na bakuli, mkate na mshumaa. Mabakuli yamenunuliwa gulioni alfajiri. Cha marehemu hakiachwi mezani. Wazee walichota mpaka mchuzi. Kilichobaki kikapelekwa kwa wagonjwa. Eetu alijua kusema "Mungu ampokee" vizuri kuliko padri, akakabidhiwa bakuli lake, akalishika kama mtoto mchanga.

Profesa akafunua ndoo. Kokwa za plamu.

Akaniita. Akamwita Sorana. Akatuambia polepole kwamba tangu Alhamisi ndoo zetu zinapokezana, ikipanda hii inashuka ile, na kwamba jikoni kwa kina Sorana ameona jogoo wengi wa bluu. Je, kuna maelezo?

Nilitazama viatu vyangu. Ndipo Sorana akasema, kwa Kiingereza kizuri, lazima nikiri, kwamba huku kwetu ndivyo ilivyo, chakula kinaruka uzio mpaka kikute mdomo. Hakunisaliti! Nikamuunga mkono haraka, nikaongeza habari za mjomba Traian na mapenzi yake kwa soseji.

Profesa Aaltonen akacheka. Nilidhani amepaliwa.

Jumapili, 14 Julai

Sote wawili! Mimi na Sorana! Somo la kwanza la kesho ni sadaka ya marehemu, mwalimu ni Bibi Veturia, na sisi tutapokezana kutafsiri. Bibi ameuliza kama darasani kuna jiko. Mama alilia kwenye simu, kisha akaniuliza nitavaa nini.

Jioni nilikaa uzioni na Sorana. Tumekubaliana mashindano yameisha. Alinirudishia bakuli moja la jogoo, eti si kurudisha, ni sadaka ya mjomba. Si msichana mbaya. Nimejifunza mengi wiki hii.

Profesa amesema wiki ijayo wanapima matumizi ya maji, wanasoma mita ya kila nyumba. Amerudia mara mbili, akinitazama, kwamba safari hii hakuna mshindi wala zawadi. Ni kujifunza tu. Nimeelewa vizuri.

Ila kesho, akitoka darasani, Bibi anafua mazulia. Yote. Na mita yetu inazunguka kama feni.

Na nimekuwa nikifikiria. Mjomba Traian maskini alikufa mwaka wa ukame. Miaka yote hii, hakuna aliyembebea hata kikombe. Lazima ana kiu. Mtu akimkumbusha Mama Sorana, kwa upole, mama mwenye moyo kama yule atakosaje kutupatia maji ya bomba lake, ndoo kwa ndoo, kwa ajili ya roho ya marehemu?

Sisi tutapokea. Huwezi kukataa.