Trela Yetu Nayo Imezaliwa Bila Karatasi

Kwa Bwana Karani wa Kaunti,
Dirisha la Hati za Magari.

Bwana Karani mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepata nafuu, maana Jumanne nilikuona umeinama kuokota kalamu nikakuonea huruma. Jaribu maji ya moto. Mimi ni Ovaline Stidham wa Bonde la Tansy, yule mama wa koti la kijani aliyekuja kwenu mara nne. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali uniwie radhi.

Naomba hati ya umiliki ya trela ya kulala, ya mwaka 1961, yenye umbo la mkate, isiyo na karatasi hata moja. Bila hati hakuna kibao cha namba, na bila kibao binti yangu Darlena hawezi kuikokota hadi Montana, ambako hospitali imempa kazi ya uuguzi kuanzia tarehe moja Juni. Nyumba hawana ya kumpa. Trela ndiyo nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnataka sahihi ya aliyetuuzia. Ni jirani yetu Mzee Arvil, Mungu amrehemu, na wala hakutuuzia, tulibadilishana: trela yake kwa nguruwe jike wetu na mfarishi wa viraka. Tulipeana mikono ghalani, kama watu wa huku wanavyofanya. Nilipomwomba karatasi alinitazama kama nimemtukana mamake. "Ovaline dada yangu, mkono wangu huu umeuona, hujauona?" Nikasema nimeuona. "Basi umeshasoma." Sasa yuko kaburini na mkono wake. Nikamgongee?

2. Yule binti wa dirisha la pili aliniambia niilete trela ikaguliwe. Nitaikokotaje bila kibao? "Hapana mama, bila kibao ni kosa." Kibao kinatoka wapi? "Kwenye hati, mama." Na hati je? "Baada ya ukaguzi, mama." Tukazunguka hivyo hadi mwanamume mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Mama, zungukeni tena mara moja tu, sisi tunamwita mpiga fidla, ngoma ianze!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nyumbani nilifika mikono mitupu.

3. Naibu sherifu alikubali kuja kukagua nyumbani, namshukuru. Alilala chali chini ya trela nusu saa nzima akitafuta namba ya kiwandani, asiione, akaandika kwamba chombo hakitambuliki. Kisha akaingia ndani, akaketi, akala maharage na vipande vitatu vya mkate wa mahindi, akasema, "Mama Stidham, humu mtu analala kama mfalme." Bwana Karani, aliketi ndani ya nini?

4. Mimi mwenyewe nilizaliwa bila karatasi. Mkunga alikuja kwa nyumbu na hakujua kuandika. Nilipofika miaka kumi na sita jimbo lilinipa cheti cha kuzaliwa, kwa viapo vya watu wawili na ukurasa wa Biblia ya nyumbani. Hakuna aliyelala chali chini yangu kutafuta namba. Kama mtu mzima anaweza kuzaliwa kwa kiapo, trela ina dhambi gani? Mashahidi ninao saba, na wote wamewahi kufukuza kuku humo.

5. Kwa hiyo nimeshaiandika kwenye Biblia yetu, katika ukurasa wa waliozaliwa, chini ya jina la Darlena. Nilimwomba mchungaji aibatize. Hakukataa, alisema tu kwamba kijito chetu hakina kina.

6. Sasa kwa kuwa ni mtoto wangu wa pili, na wa kwanza kwa umri, naomba cheti chake cha kuzaliwa. Kama bado mnasema haipo, niandikieni hivyo na mpige muhuri. Kitu kisichokuwepo hakihitaji kibao. Darlena atakikokota hadi Montana, na polisi akimsimamisha atamwonyesha barua yenu, na polisi atawasalimu.

Sina zaidi ila shukrani. Nisalimie yule binti wa dirisha la pili, mwambie simchukii, na mkeo, na yule bwana wa fidla akirudi.

Mimi ninayewasumbua kwa heshima,
Ovaline Stidham

Nyongeza: Darlena amenisahihishia barua yote, ila hapa chini hajapaona. Namba ipo. Iko kwenye chuma cha mbele, upande wa kushoto, tarakimu nane. Naibu sherifu alipopiga simu kwamba anakuja kesho yake, nilichukua brashi nikaipaka rangi nzito mara tatu, ili asiende, maana Montana ni safari ya siku tatu na mimi hata mto Ohio sijauvuka. Lakini leo asubuhi nimemkuta Darlena humo ndani anashona pazia huku anaimba, na tangu tumzike babake sikuwa nimemsikia akiimba. Mwambie naibu sherifu arudi na tapentaini ya kutoa rangi na kitambaa. Ni kazi ya dakika tano. Ila kama Alhamisi hii ana shughuli, hata Ijumaa ni siku.