Fremu ya Royce Tillery

Royce Tillery alimwona yule mama akiingia mlangoni, theluji haijayeyuka kwenye koti lake la kahawia, na kadi moja mkononi. Alikuwa ameibana kwa kidole gumba katikati kabisa ya uso wa mchezaji, kama mtu aliyeshika tikiti ya basi. Ukumbi ule wa maveterani wa Toledo ulijaa meza za wauzaji wa kadi za zamani za besiboli, na katika meza zote hakuna mtu ambaye angethubutu kuishika kadi namna ile. Afadhali angemshika mtoto mchanga kwa mguu. Royce akaweka chini kahawa yake. Mtu anayeshika kadi hivyo hajui alichoshika, na wasiojua walichoshika ndio waliomlisha Royce kwa miaka kumi na moja.

Kadi ikageuka kidogo, akaisoma namba iliyo mgongoni. Mia na tisini na nane. Royce akaisoma mara ya pili.

Wenye akili zao hawajishughulishi na mambo haya, kwa hiyo inabidi yaelezwe. Mwaka wa hamsini na tatu kiwanda cha chingamu cha Tadlock kilitia picha za wachezaji ndani ya pakiti zake, kadi mia mbili sabini na nne kwa jumla. Watoto wakatafuna chingamu, kadi wakazibana kwenye spoki za baiskeli ziwapigie kelele, na zilizosalia mama zao wakazitupa. Miaka thelathini na tano baadaye watoto wale wale, sasa wana vitambi na hati za bima, walikuwa wakizitafuta kwa machozi. Namba 198 ilikuwa adimu kuliko zote. Ilikuwa ya Orville Stempka, mdakaji wa akiba aliyeacha mchezo katikati ya msimu akaenda kufuga nguruwe, na kiwanda kikaacha kuichapa kadi yake. Alipokuwa akicheza hakuna aliyemjali. Sasa wanaume wazima walimwota usiku.

Royce alikuwa na kadi zote isipokuwa hiyo. Kila mwaka alijigamba kwamba matajiri hununua seti kwa pesa, yeye anaijenga kwa akili. Akili yenyewe ilikuwa fremu ndogo ya shaba. Katika ukoo huu wa wakusanya kadi, dhambi kuu ni kukata: mtu anachukua kadi iliyochakaa kingo, anaipunguza kwa wembe kiasi cha unywele, na pembe zinakuwa kali kama zimetoka kiwandani leo. Kadi ya namna hiyo ni sawa na karatasi ya kufungia karanga. Basi mwamuzi wa chama cha wakusanya kadi ana fremu yake, moja tu, ya kipimo sahihi. Ukiweka kadi ndani na mwanga ukapenya ubavuni, imekatwa.

Fremu ya Royce ilifanana na ile ya chama kama pacha, ila fundi mmoja wa Detroit alikuwa ameipanua kidogo. Ndani ya fremu hiyo kila kadi duniani ilikuwa imekatwa. Wajane na wastaafu waliutazama ule mwanga, wakainamisha vichwa kwa aibu ya dhambi wasiyoitenda, wakapokea dola tatu na kusema asante. Wengine walimpa na biskuti.

Lakini ulimi wa Royce haukujua kupumzika. Mwaka uliopita, baada ya bia mbili na mbele ya chama kizima, alikuwa amewekeana dau na Daktari Harlan Voigt, daktari wa meno aliyenunua seti yake yote kwa hundi moja. Royce akiweka mezani seti kamili isiyo na dosari kabla ya saa nne asubuhi, siku ya maonyesho ya Machi, seti ya daktari ni yake pia. Akishindwa, kadi zake zote zinakwenda kwa daktari. Na siku yenyewe ndiyo hii. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini. Kadi mia mbili sabini na tatu zilikuwa zimelala chini ya kioo, mwamuzi Emmett Krause amezipima na kuzifungia kwa ufunguo, na katikati yake pako tupu mahali pa mfuga nguruwe.

"Karibu mama, sogea upate joto," Royce alisema. "Hiyo ni ya mzee wako?"

"Ya kaka yangu. Amehamia nyumba ya wazee, kaniachia makorokoro nitupe. Nikaambiwa huku kuna watu wanapenda takataka."

"Hukudanganywa. Mimi ndiye mkubwa wao. Naitwa Royce."

"Verna Pacek."

Jina halikumwambia kitu. Watu wa aina ya Royce hawakumbuki majina wala nyuso. Aliitoa fremu, akailaza kadi ndani yake kwa upole wa mchungaji anayebatiza, akaiinua kwenye taa. Kisha akafanya alilofanya siku zote: akamtazama mama usoni. Miaka kumi na moja hakuwahi kuitazama fremu yake kwa makini, maana alijua itasema nini. Habari zote alizozihitaji zilikuwa kwenye uso wa muuzaji.

"Unauona mwanga huo, mama? Pole sana. Imekatwa."

"Ati nini? Sikio langu hili bovu."

"Imekatwa," Royce akapaza sauti. Kwenye meza ya jirani Bernie Lohr, aliyekuwa akila mkate na soseji, akageuka.

"Una hakika?"

"Si mimi ninayesema, mama. Shaba ndiyo inasema. Lakini kwa kuwa umekuja na baridi hii, chukua dola tatu, ukanywe kahawa."

Verna akanyoosha mkono. "Nirudishie basi. Pale mlangoni daktari mmoja wa meno kaniambia anaitaka hata kama ni mbovu."

Royce hakuiachia kadi. Akasema kumi. Verna akafunga kifungo cha koti. Akasema hamsini, akasema mia mbili, na kila alipotaja bei mama alifunga kifungo kingine, mpaka Royce, ambaye kwa seti yake nzima hakuwa ametumia kiasi hicho, akafika dola mia tisa.

"Mia tisa, kwa kadi iliyokatwa?" Verna aliuliza, sasa sauti yake ikisikika mpaka kwa Bernie.

"Mama, mimi nina huruma."

"Nimeiona," akasema, akazitia pesa mkobani.

Royce alipita katikati ya ukumbi, kadi mkononi na fremu mfukoni, akitabasamu huku na huku kama bwana harusi. Krause akakifungua kioo, akavaa miwani, akamweka Stempka ndani ya fremu ya chama. Akaiinua kwenye taa. Akaigeuza kadi, akaiinua tena.

"Imekatwa, Royce."

Royce akacheka. "Acha utani, Emmett. Nimeipima mwenyewe sasa hivi."

"Ukaona nini?"



"Aliona imekatwa," Bernie alisema, soseji bado shavuni. "Alisema kwa sauti, mpaka mimi nikasikia."

"Halafu akanilipa mia tisa," Verna akaongeza. Alikuwa amesimama nyuma yao, koti limefungwa mpaka shingoni.

Daktari Voigt akasogea. "Kwa hiyo ulijua, bwana. Ulijua ni mbovu, ukataka kunipiga nayo."

"Sikujua. Ni hii fremu yangu," Royce alisema, akiitoa mfukoni, "nadhani ina kasoro kidogo."

"Tangu lini?" Verna akauliza.

Krause akanyoosha mkono akaichukua fremu ya Royce, akatoa chini ya kioo kadi moja ambayo asubuhi ile ile aliithibitisha kuwa safi, akaiweka ndani. Mwanga ukapenya. Akaweka nyingine, mwanga ukapenya. Alipofika ya sita akavua miwani.

"Kwa fremu hii," alisema, "hata ukuta huu umekatwa."

"Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye mashine ya kukata karatasi, kiwanda cha uchapaji," Verna alimwambia Royce. "Ulipokuja kwa kaka yangu Leonard kununua kadi zake za utotoni nilikuwa jikoni. Nilipotoka na chai nikaiona fremu yako, nikajua palepale kwamba imepanuliwa. Leonard hakuniamini. Alisema mtu aliyevaa tai hawezi kumwongopea mgonjwa. Mpaka leo anaamini kwamba baba yetu ndiye aliyezikata."

"Na Stempka?" Royce akauliza.

"Nimemnunua Cleveland, dola kumi na mbili. Muuzaji ameandika juu ya bahasha kwamba imekatwa. Kumbe na waaminifu mnao."

"Nirudishie pesa zangu."

"Uliniambia imekatwa kabla hujanilipa. Juu ya kukatwa kwake, mimi nimekudanganya wapi?"

Daktari Voigt alikuwa amekwisha weka viwiko vyake juu ya kioo. Hakuuliza kadi zile zilitoka kwa akina nani, na hakuelekea kuwa mtu atakayeuliza. Saa ikagonga saa nne, na kadi zote zikawa zake.

Bernie akauweka mkate wake chini. Akajifuta vidole kimoja kimoja, taratibu, kama wafanyavyo watu wa kadi kabla ya kushika kitu.

"Royce," alisema, "ile namba arobaini na moja ya marehemu mke wangu, uliyonipa dola nne. Nayo uliipima kwa fremu hiyo?"

Royce akatazama mlango. Kati yake na mlango ulikuwepo ukumbi mzima, na karibu kila meza ilikuwa na mtu aliyewahi kumwuzia kitu. Viti vilianza kusogezwa nyuma.