Gari Limeuzwa, Bado Lipo

Alhamisi, 5 Juni

Mke wangu Marlys ametoa amri. Mama yake anahamia kwetu Jumatatu, na chumba chake ni banda la gari. Gari litoke, la sivyo nitoke nalo. Gari langu! Bodi ya mwaka 1932, paa nimelikata kwa msumeno wangu mwenyewe nikalishusha chini, injini iko wazi haina kifuniko. Nikiliwasha, nusu ya mji wetu wa Bakersfield inaamka. Miaka kumi na moja nimelijenga. Marlys anasema miaka kumi na moja hajaifikia mashine yake ya kufulia bila kupanda juu ya matairi.

Ijumaa, 6 Juni

Mnunuzi kapatikana! Bwana Lindqvist, daktari wa meno wa Pasadena. Kesho asubuhi anakuja kwenye mkusanyiko wetu wa magari, pale duka la donati. Bei aliyotaja ni nzuri. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akalala. Mimi nikampigia Dwight, kaka yake Marlys. Ajifanye naye analitaka, apandishe dau, kisha ajitoe. Akauliza ajitoe lini. Nikamwambia ataona mwenyewe. Mjinga mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Daktari kalizunguka gari mara tatu, karidhika, kataja dau. Dwight akapandisha. Daktari akaongeza. Dwight akaongeza tena, macho yamemtoka, kanogewa. Nikamkanyaga mguu. Akadhani namtia moyo. Akanipa mkono, nami kwa mazoea nikaupokea, mbele ya wazee wote wa magari.

Kwetu mkishapeana mkono mbele ya mashahidi, gari limeuzwa. Anayegeuka hakanyagi tena pale kwenye donati. Daktari akavua kofia, akamwambia Dwight, "Hongera, bwana. Umeniwahi." Akaenda zake.

Jumapili, 8 Juni

Nimemsihi Dwight alichukue gari lake leo hii. Hela atatoa kidogo kidogo, sawa, lakini alitoe! Kacheka tu. "Shemeji, mimi nakaa ghorofa ya tatu. Acha lilale hapohapo kwako."

Marlys alichukua mto wangu na blanketi, akaviweka kwenye kiti cha gari.

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe kafika. Kapewa upande wangu wa kitanda. Mimi shingo haigeuki. Paa lile nililishusha mno.

Lakini nina wazo! Daktari bado hajapata gari. Jumamosi Dwight atamuuzia hili. Ila anahitaji mtu wa kujifanya mnunuzi, ili bei ichangamke. Nimemwambia asihangaike kutafuta. Nipo mimi, na mimi najua pa kuishia.