Bure ya Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Fundi wa mlango wa pili, tunayemwita Miwani, amebandika tangazo: anaweka mfumo wa kuendeshea kompyuta bure. Bure! Mimi nauweka ule wa kampuni kubwa, kwa pesa, na watu hulia ndipo watoe. Mtu hatoi bure ila ana lake jambo. Na wiki hii mwalimu mkuu anachagua fundi wa kompyuta arobaini za shule. Nikiikosa kazi hiyo, duka nafunga.

Jumanne, 4 Machi
Nimemtuma dada ajifanye mteja. Karudi anatabasamu. Kawekewa mfumo, kapewa na kiti. Alimuuliza Miwani anafaidika wapi. Kajibiwa waziwazi: mfumo bure, kufundisha na kutengeneza kwa kulipia, hata makampuni makubwa hufanya hivyo. Dada keshajiandikisha mafunzo ya miezi mitatu, kwa pesa nilizompa mimi za upelelezi.

Jumatano, 5 Machi
Jibu lile silimezi. Mwizi hakuonyeshi alipopitia, kwa hiyo faida yake si hiyo aliyoitaja. Nimeshinda dirishani nikichungulia. Kanipungia mkono mara mbili. Anajua!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa mwalimu mkuu. Nimemwonya, kwa nia njema tu, kwamba cha bure kina hatari. Akauliza hatari gani hasa. Nikasema ndiyo hiyo, haionekani. Akaandika. Akauliza kompyuta zikiharibika nani atakuja. Nikasema mimi nauza mfumo, ya kuharibika ni ya mwenye kompyuta. Akafunika kalamu.

Ijumaa, 7 Machi
Kapewa Miwani. Mkataba wa miaka miwili, kutengeneza kompyuta zote na kufundisha walimu. Nimeumia, sifichi. Dada anashauri nikajifunze kwake. Mimi, niliyeanza kazi hii Miwani hajavaa hata miwani! Lakini hapo ndipo akili iliponifunguka. Yeye anatoa mfumo bure, anauza matengenezo. Namgeuzia kibao: mimi nauza mfumo, matengenezo bure. Tangazo nimebandika leo leo.

Jumatatu, 10 Machi
Foleni hadi barabarani. Wateja kumi na saba, wote wa kutengenezewa. Mfumo wameshawekewa na Miwani. Wengine kawaleta mwenyewe, akinisifu mbele yao kwamba fundi ndiye huyu. Mchana kaniletea kompyuta sita zenye muhuri wa shule, akanishukuru kwa mikono miwili. Masikini, kazi imemshinda. Nimemwambia asione haya, alete na zilizobaki.