Kanzu ya Ijumaa na Cheni ya Majaribio

Leo nimepatikana! Tena siku ya Ijumaa, ndani ya kanzu mpya, mbele ya kina dada wa Kichina wasiopungua kumi na tano. Nipo internet kafe hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku Uchina, nimeupa mlango mgongo, nawaandikia kabla mkalimani wangu Didier hajawasimulia kwa namna yake.

Mnajua nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Safari iliyopita nilipeleka cheni za yale mapikipiki marefu ya kurukia matuta na kulima matope. Wateja wakaja juu! Cheni zinalegea, zinaruka meno, nyingine zimewakatikia porini. Na mzigo wa pili, cheni zilezile, ulikuwa tayari kwenye maboksi. Nikaapa mbele yao kwamba nitabadilishiwa wote, la sivyo wasininunulie tena hata nati. Mzigo uko karakana kwa laoban, yule mama bosi wa Xintang, nyuma ya viwanda vya suruali za jinsi. Kontena linafungwa kesho. Kwa hiyo leo ni leo.

Nikatoka msikitini moja kwa moja, nikampitia Didier, Mkongo wa Lubumbashi anayekijua Kichina. Akanitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Mon frère, tunaenda garage ao tunaenda mu ndoa?"

"Heshima ya Ijumaa hiyo. Twende."

Kufika tu, nikabwaga mezani cheni mbovu ya mteja pamoja na sproketi yake, lile gurudumu la meno linaloivuta, vyote nimevibeba kutoka Dar (uwanja wa ndege walinifungulia begi mara mbili). "Laoban, bu hao!" nikanguruma. Mbovu! Mwenyewe cheni hata hakuigusa. Aliinua sproketi, akaipapasa meno, yamechongoka kama ya papa. Akauliza kitu.

"Anasema, mukiweka cheni mupya, na sproketi munabadilisha?" Didier akatafsiri.

Nikacheka. "Mwambie bado ina meno!"

(Kwetu sproketi haibadilishwi mpaka ifanane na sahani. Msinikane humu, nawajua.)

Laoban akatikisa kichwa. Sproketi kuukuu inaila cheni mpya, akasema, halafu mchanga bila mafuta unamalizia kazi. Sisi ndio hatujui kutunza. Hapo akanipandisha mori. Hatujui? Mimi? Tukakubaliana: nitoe cheni moja kwenye mzigo wangu, niifunge mwenyewe, niipake mafuta, tuijaribu. Ikionyesha udhaifu wowote, anabadilisha maboksi yote leo hii.

Ikaletwa pikipiki yenye sproketi mpya, ikapandishwa stendi, tairi la nyuma likabaki hewani. Laoban akaninyooshea aproni. Nikaikataa (aproni ya maua, nami nimevaa kanzu ya Oman!). Nikaipitisha cheni, nikaiunga, kibanio cha kiungo nikakielekeza kunakotakiwa, nikaacha ulegevu wa vidole viwili. Safi kabisa. Kina dada wanaofungasha maboksi wakasogea kutazama, na mimi kichwa kikavimba.

Sasa mafuta. Mnajua fundi wa kwetu anavyopaka: injini inanguruma, gia namba moja, tairi linazunguka, yeye anadondoshea tu. Nikawasha. Laoban akapiga kelele.

"Anasema uzime!" Didier naye akapaza sauti. "Na ile nguo yako itaingia mu cheni. Shauri yako!"

"Mwambie mei wenti, hakuna shida. Kazi hii nimeianza sina hata ndevu!"

Nikachuchumaa. Tone la kwanza. La pili. Kwenye tone la tatu, pindo la kanzu likaondoka, nami nikalifuata. Yarabi! Nilivutwa kama mbuzi wa Idi, nikakaa chini puu, shavu likagota kwenye tairi, injini ikazimika. Kisha kina dada wakaangua kicheko, na simu za kamera zikatoka mifukoni.

"Kata cheni!" nikapiga yowe.

Laoban akakataa. Cheni nzima, akasema, ya nini kuikata? Akachukua mkasi wa kukatia kamba za maboksi, akaipasua kanzu mpaka kiunoni. Chini yake nilivaa bukta ya mabata wa njano (ilikuwa sampuli, msiulize zaidi).

Bado hajamaliza. Akachomoa vipande vya kanzu kwa koleo, akazungusha tairi, likateleza vizuri. Akaivuta cheni kwa kidole pale nyuma ya sproketi, pale cheni iliyochoka inapojitenga na meno. Haikujitenga hata kidogo. Imemburuta mtu mzima na haikulegea! Akanigeukia, akaniuliza polepole kama mtoto: "Hao? Bu hao?" Nzuri? Mbaya?

Karakana nzima ikasubiri jibu.

"Hao," nikasema. "Hao sana."

Didier alikuwa amekaa sakafuni, analia kwa kicheko.

Mzigo haukubadilishwa. Nimeagiza maboksi ya sproketi kwa heshima zote, maana ukweli unauma, kosa lilikuwa letu tangu mwanzo. Nimerudi Xiaobei na suruali ya jinsi ya kike kutoka kiwanda cha jirani, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Wateja wangu wa Kariakoo, cheni zinakuja zilezile. Ni imara. Msiniulize nimejuaje.