Jicho la Kushoto la Mzee Ngatia Juu ya Chaka

Sogeeni, enyi watu wa Kieni, wekeni majembe chini na mzime redio, na anayetaka kukohoa akakohoe nje. Kwani leo nawasimulia safari ya Ngatia wa Chaka, mzee wa kanisa, simba wa maombi, ambaye tangu atawazwe hajapata kufumbua macho kabla ya Amina.

Monicah, binti yake aliye Nairobi, alikuwa amejifungua, akamkatia baba tiketi ya ndege ndogo itokayo Nanyuki. Mkewe Watiri, mwanamke asiyesahau, alipoambiwa kwamba ndege hiyo itapita juu ya boma lao, alitamka maneno machache.

"Nitasimama kwa shamba na ile blanketi nyekundu. Usinipite kama hunijui."

Ngatia akaahidi, mbele ya ng'ombe wake wote, kwamba atamwona. Na ole wake amvunjiaye Watiri ahadi, maana atakunywa chai baridi mpaka msimu wa viazi uishe.

Siku ikawadia. Ndege ikanguruma, ikapaa, na shujaa, akiwa dirishani, akafumba macho kuiombea safari kama afanyavyo aendapo Nairobi kwa barabara: huanza Chaka, Amina huitamka Karatina, na hakuna aliyewahi kudhurika. Nani alimwambia, jamani, kwamba angani mwendo wote huo ni kitambo kidogo tu? Akawaombea wajukuu kwa majina, akaziombea kabichi, akamwombea rubani, akarudi kwa wajukuu. Ndipo Awil, mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki aliyeketi ubavuni pake, na ambaye alikuwa amesimuliwa habari ya blanketi kabla hata hawajapanda, akamgusa kiwiko kwa heshima.

"Mzee, Chaka ndiyo hiyo. Ndege haingojangi."

Lo, vita vilivyozuka ndani ya kifua kile! Upande huu Mbingu, upande ule Watiri. Na Amina ingali mbali, ng'ombe hawajatajwa hata mmoja. Jasho likamtoka. Kisha, midomo ikiendelea kuomba, Ngatia akafumbua jicho la kushoto.

Akaliona blanketi katikati ya kabichi, kando ya tangi la maji, jekundu, dogo kama kiraka cha suruali, na aliyelishika ni Watiri, amesimama wima, hatikisiki. Mzee alitamani kulia. Jicho likafumbwa. Amina aliitamka magurudumu yakigusa Nairobi.

Aliposhuka tu akapiga simu, akamweleza Watiri kwamba alimwona kando ya tangi la maji, na kitambaa cheupe kichwani. Watiri akashukuru kwa sauti ambayo Ngatia hakuwa ameisikia tangu harusi. Kwa fahari mzee akamuuliza kama naye aliiona ndege.

"Nilisikia tu. Nilikuwa nakuombea, na si unajua mimi sifungui macho kabla ya Amina."

Shujaa akauliza habari za ng'ombe.

Basi na ichongwe kwenye jiwe, na vizazi visome: kati ya Nanyuki na Nairobi jicho moja lilitimiza ahadi ya ndoa, na la kulia, wazee wa kanisa wakiuliza, lilibaki limefumbwa.