Ofisa Mpokeaji wa Vitanda Mia Nne

Redio ya kinyozi ilipotangaza kwamba serikali imeamua kuifunga kambi ya jeshi iliyo ng'ambo ya barabara, kila mtu mle dukani alisikitika kwa namna yake. Kinyozi alizima mashine akakaa chini, maana vichwa vya askari ndivyo vilivyomsomeshea watoto. Mteja wake, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu, alilalamika kwamba sasa vibaka watatamba. Ni bwana mmoja tu, aliyekuwa pale kusoma gazeti la bure, aliyehisi moyo ukimdunda kwa furaha. Alijiuliza swali dogo: askari wakihama, vitanda vyao vitakwenda wapi?

Mtaani bwana huyo aliitwa Hakika, kwa kuwa hakuna sentensi iliyotoka kinywani mwake bila neno hilo, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Serikali nayo ilimfahamu. Ilikwisha kumlaza gerezani mara mbili, na mara zote mbili alichukuliwa alama za vidole vyote kumi.

Alisubiri kwa subira ya kupigiwa mfano mpaka lori la mwisho la askari lilipoondoka. Siku hiyo hiyo akaenda kwa Mama Magodoro, mfanyabiashara aliyejenga ghorofa kwa kuuza vitu walivyokwisha kulalia wengine.

"Vitanda mia nne vya chuma, mama. Na blanketi zake. Wanaviachia kwa bei ya chee, ila wanataka mnunuzi asiye na mdomo."

"Na wewe ndiye wa kuvitoa?"

"Hakika. Nina mjomba wizarani."

Mama Magodoro alivipenda vitu vya bei ya chee kuliko alivyowapenda wakwe zake. Alitoa malipo ya awali, akaahidi kufika na lori Alhamisi saa sita mchana. Malipo yale yaligeuka suti ya kijivu, mkoba, na mhuri uliochongwa na fundi asiyeuliza maswali.

Alhamisi, saa tano na nusu, Hakika aliingia kambini. Uwanja wa gwaride ulikuwa mtupu, majani yameanza kuota kwenye mistari ya chokaa. Mbele ya ghala alikaa mama mmoja mwenye sare, sajini aliyelitunza ghala hilo kwa miaka ishirini na sita, na kando yake masanduku mawili yaliyofungwa kamba.

"Mimi ndiye ofisa mpokeaji kutoka makao makuu," alisema Hakika, akitoa barua yenye mhuri.

Sajini alisimama akapiga saluti. Machozi yalimlengalenga. "Karibu, bwana mkubwa. Kila wiki nawaandikia walete mtu wa kunipokea. Nisipokabidhi ghala sipewi kiinua mgongo, na wajukuu wananisubiri. Kaa unywe chai."

Hakika alimwonea huruma, kwa muda wa mafunda mawili ya chai.

Sajini alileta daftari kubwa la makabidhiano na kidau cha wino. "Utaratibu unaujua, bwana mkubwa. Kidole kwanza, funguo baadaye. Ghala halifunguliwi ila na aliyelipokea."

Mtu mwingine yeyote angeuliza sababu. Lakini mateso ya ofisa wa bandia ni hayo, kwamba hana ruhusa ya kuuliza jambo ambalo wa kweli angelijua.

"Hakika naujua," alisema. Akaandika jina la uongo kwa mwandiko mzuri, kisha akasita mbele ya wino. "Sahihi haitoshi?"

"Sahihi watu wanaghushi," alisema sajini kwa upole. "Matapeli ni wengi siku hizi."

Getini honi ikalia. Mama Magodoro alikuwa amewahi. Hakika akachovya dole gumba, akaanza kubandika alama ukurasa hadi ukurasa: vitanda, blanketi, sufuria, makoleo, kurasa arobaini na moja. Sajini alichana nakala yake, akaikunja vizuri, ndipo akamkabidhi funguo.

Hakika alifungua mlango. Ndani mlikuwa na fagio moja na nafasi kubwa sana.

"Vitanda viko wapi?"

"Kila afande aliyehamishwa aliondoka na chake cha ukumbusho. Mimi sajini ningemkatalia nani? Mzigo ule umenikosesha usingizi miaka. Sasa ni wako, bwana mkubwa."

Hakika alilegeza kola ya suti. "Mama, mimi si ofisa."

"Najua, mwanangu. Ofisa wa kweli angekagua kwanza ndipo aweke kidole. Huo ndio utaratibu."

"Jina nililoandika si langu."

"Kidole je?"

Hakika alipiga hesabu. Akijitaja ni tapeli, ni jela. Akibaki ofisa, vitanda mia nne vimepotelea mikononi mwake, na hiyo pia ni jela.

"Sasa natokaje?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa dhati.

"Nilivyotoka mimi. Tafuta mtu wa kukupokea."

Sajini alibeba masanduku yake, akavuka uwanja kwa mwendo wa msichana, akatoka bila kugeuka nyuma.

Hakika alijipangusa jasho, akavaa tabasamu lake la kazi, akalikumbatia daftari na kwenda getini. "Mama, mzigo uko tayari. Kuna karatasi ndogo tu ya kuweka kidole."

Mama Magodoro alilitazama daftari, akakitazama kidole cha Hakika kilichojaa wino. "Nifungulie ghala kwanza nivione vitanda vyangu."

"Utaratibu, mama, ni kidole kwanza."

"Huo ni wako. Wangu ni macho kwanza." Akawapungia mkono wapakizi wake wanne, nao wakashuka kwenye lori wakasimama getini, vifua wazi. "Haya, tangulia. Si wewe ndiye mwenye funguo?"

Hakika alizitazama. Zilikuwa kumi na saba, na nyuma ya milango yake yote hapakuwa na kitu. Akaanza kutembea kuelekea ghalani, polepole sana, na Mama Magodoro akimfuata.